Pumzi 7 na mshale mmoja: jinsi ya kumwanzisha mhusika na kumpandisha ngazi

Kidawa mwanafalaki, mhusika katika mchezo wa mezani wa kusimulia hadithi kwa dadu, aliishi dakika 40. Mdogo wangu alikuwa ametumia saa nzima na nusu kumtengeneza: kitabu cha nyota alichorithi kwa babu, paka mwenye jicho moja, ugomvi wa shamba na mjomba wake. Tukaanza. Kibwengo wa kwanza kabisa, aliyejibanza nyuma ya mkoko, akafyatua mshale. Nikarusha dadu ya pande 20 mbele ya wote, ikatulia kwenye 20. Ikitokea hivyo, dadu za madhara hurushwa mara mbili. Ikaja 6, ikaja 6 nyingine, jumlisha 2 za wepesi wake: 14. Kidawa alikuwa na pumzi 7, yaani pointi za kustahimili mapigo.

Kanuni ya toleo la 2014 la Dungeons & Dragons haina huruma hapo. Ukiishiwa pumzi unazimia tu, lakini madhara yaliyobaki yakilingana na pumzi zako zote au kuzizidi, umekufa papo hapo. Toa 7 kwenye 14, inabaki 7. Mdogo wangu akafunga daftari, akasema anakwenda kuangalia maharage jikoni. Hakurudi mezani wiki tatu.

Mwalimu wa hesabu tunayecheza naye akapiga hesabu palepale, eti kumfariji: jambo lile hutokea mara 1 katika mishale 720. Hakuna aliyefarijika.

Mimi ni mtu wa maabara, nakaa Tanga, na Jumamosi baada ya alasiri baraza letu linageuka kuwa meza ya mchezo. Tupo watano pamoja nami ninayeendesha. Wahusika niliowaua bila kukusudia ni wengi, na karibu wote walikuwa ngazi ya 1. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya anayetaka kuendesha mchezo huu na watu ambao hawajawahi kuushika. Kanuni za msingi za toleo hilo zimeachiwa bure kwa umma tangu 2023, huna haja ya kununua kitabu ili kuanza.

Pumzi, si nyama

Neno la kitabuni, ukilitafsiri lilivyo, ni pointi za kupigwa. Sisi tulianza kwa kuita "uhai", tukajuta. Mtu akipoteza uhai 3 anauliza amekatwa wapi, na damu imetoka kiasi gani. Damu naiona kutwa nzima kazini, sitaki kuulizwa habari zake na Jumamosi. Ndipo fundi simu, ambaye ukimkata damu yake itatoka mpira, akasema: "Si pumzi tu hizo? Beki akikata pumzi dakika ya 80 hajavunjika mguu, ila ukimpita hakufuati." Tangu siku ile tunaita pumzi.

Lijaribu neno hili, utaona linavyobadilisha usimulizi wako. Mpiganaji mwenye pumzi 12 akipoteza 5, simwambii amechomwa mkuki. Namwambia ameukwepa kwa kujipinda, kiuno kikalia, sasa anahema. Damu naitoa pumzi zikiisha. Na linaeleza jambo ambalo wageni wote huuliza: inakuwaje mpiganaji yuleyule afike ngazi ya 5 na pumzi 44? Hajaongezeka nyama. Amejifunza kutokata pumzi.

Nikiwa kwenye maneno: "mchawi" tulilitumia siku moja tu. Mama alipita dirishani akamsikia mwanawe wa kumzaa akitangaza, "Mimi ni mchawi wa ngazi ya kwanza." Jioni ile kulikuwa na maongezi. Sasa ni mwanafalaki, na amani imerudi nyumbani.

Hesabu ya siku ya kwanza

Ngazi ya 1 haihitaji bahati. Unachukua namba kubwa kabisa ya dadu ya fani yako, unaongeza nyongeza ya ukakamavu. Dadu ya mwenye hasira ina pande 12, ya mpiganaji 10, ya kuhani na ya mjanja 8, ya mwanafalaki 6. Ukakamavu wa 12 unakupa nyongeza ya 1, wa 14 unakupa 2. Mpiganaji wetu mwenye ukakamavu wa 14 alianza na 12, na Kidawa mwenye 12 alianza na 7.

Wengi huishia hapo, wakaona mpiganaji ni mkakamavu kidogo tu kuliko mwanafalaki. Pumzi ni mguu mmoja. Mguu wa pili ni kinga, ile namba ambayo adui lazima aifikie ili akupate. Mpiganaji aliyevaa deraya ya minyororo na kushika ngao ana kinga 18. Kibwengo huongeza 4 kwenye dadu yake, kwa hiyo anahitaji 14 kwenda juu, nafasi 7 katika 20. Kidawa alivaa kanzu tu, kinga 12. Kwake kibwengo anahitaji 8 kwenda juu, nafasi 13 katika 20. Mshale ukipata, wastani wake ni pumzi 5 na nusu. Changanya vyote: Kidawa anaishiwa pumzi kwa mishale kama miwili inayofyatuliwa kwake. Mpiganaji anahitaji kama sita. Umeona? Kwenye karatasi ni 12 kwa 7, uwanjani ni 6 kwa 2.

Basi kabla hujaanza, kaa na anayecheza mwanafalaki, hakikisha daftari lake lina ile dua ya deraya isiyoonekana. Inampa kinga ya 13 kuongeza wepesi wake, kwa Kidawa ingekuwa 15, na inadumu saa 8. Itamla nafasi moja ya dua kati ya mbili alizonazo kwa siku, naye atalalamika kwamba anataka kurusha vitu vinavyong'aa. Mwambie aichukue.

Halafu kuna idadi ya maadui, na hapa ndipo nilipokosea zaidi. Wachezaji 4, vibwengo 4, nikaona ni haki, kila mtu na wake. Kumbe kitabu kina jedwali, na jedwali linasema vinginevyo. Kila kibwengo ana thamani ya pointi 50, zile za kupandia ngazi; wanne ni 200. Lakini maadui wakiwa 3 hadi 6 uzito wao unazidishwa kwa 2, kwa sababu wanapiga mara nyingi katika mzunguko mmoja. Hiyo inakuwa 400. Kwa wachezaji 4 wa ngazi ya 1, pambano jepesi ni 100, la wastani 200, gumu 300, la kuua 400. Yaani "haki" yangu ilikuwa imeandikwa kitabuni kama pambano la kuua. Wawili wanatosha kwa kuanzia. Watatu tayari ni gumu.

Kwa nini mwanzo uwe mwembamba hivi

Zamani ulikuwa mwembamba zaidi. Mchezo ulitoka 1974 kwa Gary Gygax na Dave Arneson, kule Lake Geneva, Wisconsin, na katika toleo la msingi la 1981 mwanafalaki alirusha dadu ya pande 4 kupata pumzi zake. Angeweza kuanza maisha na pumzi 1. Sifuri ilikuwa kifo, hakuna kuzimia. Na ili apande ngazi ya 2 alihitaji pointi 2,500, wakati mpiganaji alihitaji 2,000 na mwizi 1,200.

Ukisoma hivyo unadhani walikuwa watesaji. Lakini tazama pointi zilitoka wapi: sarafu 1 ya dhahabu uliyoifikisha nyumbani ilikuwa pointi 1, na kuua viumbe kulilipa kidogo sana. Mwenye akili hakupigana. Alinyata, akaiba sanduku, akatoka mbio. Wembamba wa mwanzo na malipo ya dhahabu vilikuwa kamba moja yenye ncha mbili. Toleo la tatu, mwaka 2000, lilimpa kila mtu pumzi kamili za ngazi ya 1 na jedwali moja la kupandia kwa fani zote, lakini pointi nazo zikahamia kwenye viumbe unaowashinda. Toka hapo ukitaka kupanda lazima uchokoze.

Kwa hiyo usiguse pumzi za kuanzia kabla hujaamua utalipa pointi kwa kitu gani. Ukimlipa mtu wa pumzi 7 kwa kuua tu, unamtuma akafe.

Nilivyojaribu kuwaongezea

Baada ya Kidawa nilitaka tiba ya haraka. Nikaazima wazo la toleo la nne la 2008, ambalo mpiganaji alianza na 15 akaongeza ukakamavu wake wote, si nyongeza tu. Mpiganaji wetu akawa na 29. Jumamosi ile vibwengo watatu walitumia muda wote kati ya alasiri na magharibi kumalizwa, na katikati yake fundi simu alikuwa anajibu ujumbe wa wateja. Hakuna aliyeogopa kitu. Toleo lile liliwapa na maadui pumzi nyingi na mbinu za kuzitumia. Mimi nilichukua nusu ya dawa.

Nikajaribu kuanzia ngazi ya 3. Kwa watu waliokwisha kucheza, fanya hivyo bila kusita. Kwa wageni ni kosa: karatasi inajaa mambo ambayo hawajayafanyia kazi, na zamu ikifika mtu anaisoma kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

Kuna na njia ya Dungeon Crawl Classics ya 2012, ambayo kila mchezaji huanza na wanakijiji kadhaa wa ngazi ya 0, kila mmoja na dadu ya pande 4 ya pumzi, mwingine silaha yake ni jembe. Wanakufa kama kumbikumbi, na aliyepona ndiye anayekuwa mhusika wako. Tuliifanya usiku mmoja wa umeme kukatika, kwa taa ya kuchaji, wakafa kumi na mmoja. Tulicheka mpaka jirani akagonga. Lakini usimpe mtu wa aina ya mdogo wangu, anayeandika habari za paka.

Nilichobaki nacho ni kidogo. Pumzi za kuanzia ni zilezile za kitabu. Ila kwa ngazi ya 1 peke yake nimefuta kifo cha papo hapo: ukizidiwa vipi, unazimia. Kuzimia kwenyewe si mzaha. Kila zamu unarusha dadu ya pande 20. 10 kwenda juu ni heri, chini yake ni shari, na shari tatu zikitangulia kabla ya heri tatu umekwenda. Ukirusha 1 zinahesabika shari mbili, ukirusha 20 unaamka na pumzi 1. Bila mtu kukusaidia unapona karibu mara 6 katika 10. Hiyo ni hofu ya kutosha, na inawapa wenzako dakika ya kukukimbilia.

Jambo la pili: kila mmoja anaanza na kichupa kimoja cha dawa, dadu mbili za pande 4 ujumlishe 2. Dukani bei yake ni dhahabu 50, hakuna wa ngazi ya 1 mwenye hela hiyo ya kuchezea, kwa hiyo nampa mimi kupitia bibi fulani wa kijijini. Mdogo wangu aliporudi mezani na mhusika mpya, ndugu yake Kidawa, kichupa hicho kilimrudishia pumzi 6. Alikuwa amebakiwa na 2. Alikinywa amejificha chini ya ngalawa, na hadithi hiyo anaisimulia mpaka leo kama vile ilitokea Raskazone, hapa hapa Tanga.

Kupanda: haraka mwanzoni, kisha tuliza mwendo

Jedwali linataka pointi 300 kufika ngazi ya 2, 900 kufika ya 3, 2,700 ya 4, 6,500 ya 5. Ukizihesabu kwa vibwengo vya pointi 50, wachezaji 4 wanahitaji vibwengo 24 kufika ngazi ya 2, na vingine 48 kufika ya 3. Hiyo si hadithi tena, ni kazi ya kupulizia mbu dawa.

Mimi sihesabu. Naweka vituo, kama daladala. Kituo cha kwanza lazima kifikiwe siku ileile ya kwanza. Simulizi langu la kuanzia ni dau la chumvi lililopotea, vibwengo wamelificha mikokoni. Dau likirudi, mmepanda ngazi ya 2. Sijali mmelipataje. Kundi moja lilipigana. Jingine lilisubiri maji kujaa usiku likalivuta kwa kamba, vibwengo wamelala. Wale wa pili hawakumwaga hata tone moja, na nikawapandisha sawasawa na wenzao. Hapo ndipo nimerudisha ule ujanja wa zamani wa dhahabu, bila dhahabu.

Ngazi ya 2 naipa Jumamosi mbili. Kwenye ya 3 ndipo kila fani huwa imeshachagua njia yake, na pumzi zimeshiba: mpiganaji 28, mwanafalaki 17. Toka hapo nakanyaga breki. Ngazi moja kwa Jumamosi nne hadi sita, na sioni haya mtu akinung'unika. Ukiwahi kufika ya 5 wachezaji hawajazoea ya 3. Mwanafalaki anapewa mpira wa moto unaofagia chumba kizima, mpiganaji anapiga mara mbili kwa zamu, na maandalizi yako yote ya wiki yanaungua katika mzunguko mmoja.

Usipandishe mtu katikati ya pambano, hata akikuomba kwa machozi. Kwetu ni baada ya kulala: wahusika wamelala saa 8, pumzi zimerudi zote, chai imemiminwa, penseli zinatoka. Penseli, si kalamu.

Sasa, kurusha dadu au kuchukua namba iliyopangwa? Kila ngazi unayopanda unaongeza pumzi: ama urushe dadu ya fani yako, ama uchukue namba ya kitabu, kisha uongeze nyongeza ya ukakamavu. Namba ya kitabu ni 7 kwa dadu ya pande 12, 6 kwa ya 10, 5 kwa ya 8, 4 kwa ya 6. Wastani wa kweli wa dadu ya pande 10 ni 5 na nusu, kwa hiyo kitabu kinakuzidishia nusu. Anayerusha ananunua bahati nasibu ya hasara, na anayejua hilo bado anarusha.

Fundi simu alirusha. Ngazi ya 2 akapata 1. Ngazi ya 3, ameipulizia dadu, amempa mwalimu aipulizie, akapata 2. Mpiganaji ambaye angekuwa na pumzi 28 akawa na 19, amempita kidogo tu mwanafalaki aliyepaswa kumlinda. Karibu mwaka mzima alikaa mstari wa mbele akiwa na kifua cha mtu wa maktaba, na kila akizimia alikuwa ananitazama mimi, kana kwamba dadu niliitia sumu. Kanuni yetu sasa: ngazi ya 2 na ya 3 kila mtu anachukua namba iliyopangwa. Kuanzia ya 4 ukitaka rusha, mbele ya wote, mara moja, na hakuna "ilianguka sakafuni".

Kuna jambo ambalo hata wakongwe husahau. Ngazi ya 4 unaruhusiwa kuongeza sifa zako. Ukipandisha ukakamavu kutoka 14 hadi 16, nyongeza yako inatoka 2 kwenda 3, na pumzi zinaongezeka nyuma mpaka ngazi ya kwanza, 1 kwa kila ngazi. Ni pumzi 4 za ziada papo hapo. Fundi simu nilimwambia hilo kwa kuchelewa, miezi miwili baadaye. Alidai fidia ya chapati, nikalipa.

Mgeni akija wakati wenzake wameshapanda

Kitabu cha zamani kingemwanzisha ngazi ya 1, na jedwali linamtetea kidogo. Wenzake wakitoka 2,700 kwenda 6,500 wanavuna 3,800 kila mmoja, na mgeni akivuna hizohizo amekwishavuka 2,700, yuko ngazi ya 4 nyuma yao kidogo. Tatizo ni kuishi mpaka hapo, maana adui anayewatoa jasho watu wa pumzi 40 humaliza pumzi 7 kwa kupiga chafya. Mimi namweka ngazi moja chini ya wenzake, lakini si chini ya 3, na anapata kichupa cha bibi kama kila mtu.

Jumamosi hii anakuja shemeji, mke wa mwalimu. Wenzake wako ya 4, yeye anaanza ya 3, na amechagua mwenye hasira: 12 na 3 za ukakamavu wa 16, kisha 7 na 3 mara mbili, pumzi 35. Dadu yetu ya pande 12 iliingia mtaroni zamani, na hakuna aliyeihitaji mpaka sasa. Atarusha ya pande 6 pamoja na shilingi mia: kichwa kikitokea anajumlisha 6, nyuma ikitokea inabaki ilivyo. Mia nimeshaiosha.